Hivi watoto waliokuwa wadogo wakati wa korona wako sawa kweli, au tunajipa moyo?

#1 Ipagala Juu (mleta uzi)
Wakuu habari. Niende moja kwa moja.

Binti yangu alianza darasa la kwanza Januari 2020 hapa Dodoma mjini. Machi 17 Waziri Mkuu Majaliwa akatangaza shule zinafungwa, binti akarudi nyumbani na daftari lililoishia kwenye ba be bi bo bu. Leo yuko darasa la sita, hesabu anapata, netiboli yumo, mwalimu hana malalamiko. Shida ni usiku. Mtu akikohoa humu ndani, hata kikohozi cha vumbi tu, na vumbi letu la mwezi wa nane mnalijua, anaamka. Halii wala haiti mtu. Anakuja pekupeku hadi mlango wa chumba chetu, anashika kitasa bila kufungua, anasikiliza. Mama yake akikohoa tena ndipo anauliza: "Mama, uko sawa?" Akijibiwa anarudi kulala. Asubuhi ukimuuliza anasema hakumbuki.

Humu ndani hatukufiwa na mtu. Hatukufungiwa majumbani kama wenzetu wa nchi jirani. Tulipiga nyungu (kujifukiza mvuke wa majani), tukanywa tangawizi, maisha yakaendelea. Sasa hofu hii kaitoa wapi? Mimi naamini watoto waliokuwa na miaka minne hadi kumi wakati ule wamebeba kitu ambacho sisi wazazi hatukukiona, maana tulikuwa bize kutafuta malimao. Mwenye mtoto wa rika hilo aseme anachokiona kwake.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wataalamu njooni.

#3 Foleni ya Sukari
Mkuu usitafute ugonjwa usiokuwepo. Sisi tumekula unga wa yanga (mahindi ya njano), tumepanga foleni ya sukari na sabuni miaka ya themanini, nani alituuliza tunajisikiaje? Mtoto kaota ndoto, mpe maziwa alale.

#4 Mama Pacha Nzuguni
@Foleni ya Sukari shikamoo mzee wangu. Ndiyo maana hadi leo ukiingia dukani unatoka na kilo kumi za sukari wakati nyumbani mko wawili. Hukupona.

#5 Foleni ya Sukari
Marahaba. Kilo tano. Usinizidishie.

#6 Mwalimu Kibaigwa
Mwaka huo huo nilikuwa na darasa la kwanza, shule ya serikali huku wilaya ya Kongwa, kwa hiyo mnivumilie niandike kirefu.

Watoto walikaa darasani kuanzia Januari hadi katikati ya Machi. Kwenye KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) hapo ndipo mtoto anaanza kushika silabi. Wakaondoka, wakarudi Juni 29. Vipindi vya redio na televisheni vilikuwepo, sikatai, lakini darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya mia na wenye televisheni kwao walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Waliporudi, wengi tulianza nao upya kwenye a e i o u. Hilo la masomo tulilipigania na sehemu kubwa likarekebishika.

Kilichonishtua ni michezo yao. Wakati wa mapumziko walikuwa wanacheza mazishi. Mmoja analala chini ya mti, wengine wanajifunga sweta puani na mdomoni, wanamvuta kwa kamba ya kurukia iliyozungushwa kiunoni, kwa sababu sheria ya mchezo ilikuwa maiti haishikwi kwa mkono. Anayecheka anatolewa. Kulia pia hakuruhusiwi, eti wa kulia wamebaki nyumbani. Hizi sheria walizitunga wao, na zilifanana kabisa na mazishi ya Aprili na Mei mwaka ule, yale ya watu wachache na mavazi meupe mwili mzima.

Mwalimu mwenzangu akataka wachapwe kwa kuchezea kifo. Nikaomba waachwe. Kabla ya mwaka kuisha mchezo ulikufa wenyewe. Ila kuna mtoto mmoja hakuwahi kucheza. Alikuwa anakaa pembeni anaangalia, siku zote. Huyo akaja kuacha shule akiwa darasa la tatu. Sasa wajuzi watuambie: wale waliocheza walikuwa wanajiumiza au wanajitibu?

#7 Dungu la Bahi
Poleni watu wa mjini. Mimi nipo Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) sasa hivi, 2020 nilikuwa kidato cha tatu, kwetu Bahi ndanindani. Tangazo la kufunga shule lilikuta uwele na mtama vinakomaa na kwelea kwelea wameshatua. Sote tukapandishwa madunguni kuamia ndege. Unatoka nyumbani nyota zikiwa juu, unarusha kombeo na kupiga debe hadi jua linazama. Wadogo zangu wa darasa la pili na la nne wanaukumbuka mwaka ule kwa miwa ya mtama, matikiti ya kuchuma wenyewe na babu aliyekuwa anatuletea uji shambani halafu habanduki, anasimulia mpaka uji unapoa. Korona kwetu ilikuwa sauti ya redio. Ukiwauliza leo watakwambia mwaka mzuri kuliko yote.

Mleta uzi mlete binti aje aamie ndege. Kikohozi atakisahau.

#8 Siti ya Mbele
Naunga mkono hoja ya dungu. Ada kiasi gani na sare ni rangi gani?

#9 Mama Pacha Nzuguni
Mdogo wangu wa Bahi, umesimulia ya wavulana wa kwenu vizuri sana. Wasichana je? Walikuwa wapi miezi yote hiyo?

#10 Dungu la Bahi
Dada, swali lako lina jibu na si zuri. Binamu yangu wa kidato cha pili Juni 29 hakurudi, alikuwa na mimba. Wakati ule ukishapata mimba, shule ndiyo imeisha. Ruhusa ya kurudi kwenye mfumo rasmi ilitangazwa Novemba 2021 na Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, mtoto wake ameshaanza kutembea na yeye ameshahamia Manyoni kwa mwanaume. Anauza karanga stendi. Tukikutana tunaongea vizuri tu, ila habari za mwaka 2020 hataki kabisa. Ukizianza anaanza kupanga vifungu vya karanga.

#11 Kisasa Relini
Mimi naona kosa ni moja tu, kufunga shule mwaka mzima. Mtoto akikaa nyumbani mwaka mzima lazima akili ihame.

#12 Takwimu Tupu
@Kisasa Relini mwaka mzima wa nchi gani? Uganda walifunga Machi 2020 na kufungua kwa wote Januari 10, 2022, na katikati wengine walirudi kidogo tu. Kenya wengi walikaa nje hadi Januari 2021. Sisi shule zilifungwa Machi 17, vyuo siku iliyofuata. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni mosi, waliobaki Juni 29. Ni miezi mitatu na nusu hivi. Darasa la saba wakafanya mtihani wao Oktoba badala ya Septemba, tukaenda kwenye uchaguzi, mwaka ukafungwa.

Kwa hiyo kama tatizo ni shule kufungwa, binti wa Ipagala alipaswa kuwa na nafuu kubwa kuliko mtoto wa Kampala. Yangu ni hii: ukimya. Takwimu za wagonjwa ziliacha kutolewa kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2020. Ile idadi ya mwisho, wagonjwa 509, ikaendelea kusomeka kwenye kumbukumbu za Shirika la Afya Duniani zaidi ya mwaka. Tukatangaziwa ugonjwa umekwisha. Halafu ikaja Januari na Februari 2021, misiba ikafuatana, na kila msiba ni "homa kali ya mapafu" au "changamoto ya upumuaji". Watu wazima tulijua tunaongea nini. Tulikuwa tunapunguza sauti mtoto akipita. Soma tena #1: binti anasimama mlangoni anasikiliza. Anafanya hivyo kwa sababu mwaka ule habari zote za maana alizipata kwa kusikiliza mlangoni.

#13 Siti ya Mbele
Dah. Hiyo ya mwisho nimeisoma mara mbili.

#14 Ipagala Juu
@Takwimu Tupu umenifikirisha. Februari 2021 alifariki mzee aliyekuwa mwenye nyumba wetu pale Chang'ombe kabla hatujahamia huku. Watoto walikuwa wanamwita babu. Mimi na mama yao tulilijadili sebuleni usiku, tukidhani wamelala. Mazishi tulikwenda wawili tu. Watoto tuliwaambia babu kahamia kijijini.

#15 Nesi wa Zamu
Niko hospitali moja hapa mkoani, sitaitaja. Wataalamu wa takwimu mmesema yenu, ngoja niseme ya uani kwangu.

Aprili na Mei 2020 nikitoka zamu nilikuwa nazunguka nyuma ya nyumba. Ndoo ya maji yenye dawa inanisubiri, navua sare pale pale, naitumbukiza, naoga, navaa kanga. Mwanangu alikuwa na miaka mitano. Siku za kwanza alikuwa anakuja mbio, mimi napiga kelele "Simama hapo! Usinishike!" Akajifunza. Akawa anasimama nyuma ya mlango wa nyavu, mikono ameiweka mgongoni, ananiangalia hadi nimalize. Baadaye hata nilipomwita aje, alikuwa anauliza kwanza, "Umeshakuwa salama?"

Zile taratibu zilikwisha zamani. Sasa ana miaka kumi. Nikirudi kazini anatoka kunipokea, anasimama hatua tatu kutoka nilipo, mikono mgongoni. Baba yake anasema mtoto wa kiume ndivyo anavyokua. Labda.

#16 Foleni ya Sukari
Pole mwanangu. Ingawa mama yangu mimi hakuwahi kunikumbatia hata siku moja na wala hakukuwa na korona. Wagogo wa zamani hawakuwa na mambo ya kukumbatiana. Chakula kikiwa moto ulijua unapendwa.

#17 Nesi wa Zamu
Asante mzee. Chakula huwa namwekea moto.

#18 Mkaratusi
Naona mnaikwepa nyungu. Mleta uzi kaitaja kama jambo la heri tu. Kwetu tulichemsha majani ya mkaratusi, mchaichai, malimao na maganda yake. Mimi, mke wangu na mtoto wa miaka sita ndani ya blanketi moja zito. Mtoto akalia anataka kutoka. Nikambana katikati ya magoti, nikiamini namwokoa. Mvuke haukumuunguza, namshukuru Mungu, maana nilisikia wengine waliungua. Lakini hadi leo hafuniki kichwa. Baridi ya Juni na Julai hapa Dodoma mnaijua, yeye analala kichwa nje. Sweta la kupitisha kichwani havai. Mama yake alizunguka Majengo nzima kutafuta la vifungo.

#19 Kisasa Relini
Hiyo ni kuogopa giza na joto, haina uhusiano na janga. Mtoto yeyote ukimbana kwenye blanketi lenye moshi atakuchukia.

#20 Mkaratusi
Na nani alinifanya nimbane? Si hofu ya janga? Wewe 2020 ulikuwa unaishi wapi, Ulaya?

#21 Mshauri Makole
Nafanya kazi ya ushauri nasaha, sehemu kubwa watoto na vijana. Nitagusa machache.

Kwanza mzee wetu wa #3 aelewe hili halikuanzia kwa wazazi wa Ipagala. Shirika la Afya Duniani lilisema Machi 2022 kwamba mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioguswa zaidi ni vijana na wanawake. Jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha Julai 2021 makadirio kwamba watoto zaidi ya milioni 1 na nusu duniani walifiwa na mzazi, babu, bibi au mlezi aliyekuwa anaishi nao, ndani ya miezi 14 ya mwanzo. Hayo ni makadirio ya dunia. Msiniulize ya Dodoma.

Pili, mtoto wa miaka sita hasomi takwimu, anasoma uso wa mama yake. Mama akishika simu, akakaa chini ghafla, mtoto ameshapata taarifa kamili hata kama hakuna neno lililotamkwa. Hofu ya mtoto mara nyingi haitoki kama hofu. Inatoka kama tumbo kuuma asubuhi ya shule, kukojoa kitandani baada ya kuwa aliacha, hasira, kung'ang'ania mzazi, au huo mlango wa mleta uzi.

Tatu, kwa swali la Mwalimu #6. Kucheza tukio la kutisha tena na tena ni njia ya kawaida ya mtoto kulisaga hadi liwe dogo. Mchezo ukibadilika na kuisha, kama ulivyoisha, mimi sina wasiwasi. Huyo wa pembeni ningependa kujua zaidi. Alikuwa na nani nyumbani?

Mwisho, msitundike kila kitu kwenye korona. Mleta uzi nijibu: hii tabia ilianza lini hasa? Na akilala kwa bibi au kwa shangazi inatokea?

#22 Mwalimu Kibaigwa
Alikuwa anaishi na mjomba. Baba yake alikuwa mbeba mizigo soko la mahindi hapa Kibaigwa. Biashara ilipoyumba akaenda kutafuta machimboni, hakurudi wala hakutuma. Kwa hiyo hata mimi sijui kama ni korona au ni baba.

#23 Ipagala Juu
@Mshauri asante. Kwa bibi yake Mpwapwa analala fofofo, na bibi anakohoa kuliko sisi sote. Ilianza lini sina uhakika, tuliishtukia tulipohamia hii nyumba, katikati ya 2021.

#24 Mtumba Basi la Saa Kumi na Mbili
Haya sasa! Tuliishtukia TULIPOHAMA. Wakuu mnaipa korona sifa za bure. Mimi ni mtumishi, nimehamia Dodoma 2019 na wizara. Watoto walimwacha bibi Temeke, wakaacha bahari, mtaa wenye kelele na kila mtu anawajua majina. Wakaja kwenye nyumba mpya, ukuta mrefu, upepo unapiga bati usiku kucha, baba anatoka alfajiri kwenda mji wa Serikali kule Mtumba anarudi giza limeingia. Mwanangu wa pili alikuwa anaamka usiku mwaka mzima KABLA ya korona. Dodoma imejaa watoto waliohamishwa tangu Serikali ilipoanza kuja 2016, hakuna anayewahesabu. Dawa kwetu imekuwa treni. Tangu SGR (reli ya kisasa) ianze 2024, likizo wanakwenda kwa bibi na kurudi, usingizi umetulia.

#25 Takwimu Tupu
Binti wa #1 katoka Chang'ombe kwenda Ipagala, mkuu. Hapo hakuna hata haja ya daladala mbili. Usimlinganishe na Temeke.

#26 Mtumba Basi la Saa Kumi na Mbili
Kwa mtoto wa miaka saba ni nchi nyingine.

#27 Mama wa Julai
Samahani naingilia. Wangu alizaliwa Julai 2020, ameanza awali mwaka huu. Hadi alipotimiza miaka mitatu maneno yalikuwa manne: maji, baba, hapana, paka. Mama hakuwemo. Jirani yangu anasema watoto wa korona wamechelewa kuongea kwa sababu ya barakoa, hawakuona midomo. Ni kweli?

#28 Takwimu Tupu
Upo utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ulitoka Januari 2022. Waliangalia watoto wachanga 255 wakiwa na miezi sita. Waliozaliwa wakati wa janga walikuwa nyuma kidogo kwenye misuli na kwenye kuchangamana na watu, mama awe aliambukizwa au hakuambukizwa. Watafiti wakahisi ni msongo wa mama wakati wa ujauzito. Huo wa kwao.

Barakoa kwa hapa Dodoma haiingii akilini. Nani alivaa barakoa nyumbani mbele ya mtoto wake? Hata mtaani tulizivaa majuma machache, zikaishia kwa bodaboda kuzuia vumbi.

#29 Fundi Simu Sabasaba
Jibu liko mezani kwangu. Natengeneza simu, nawaambia bila utafiti wa Columbia. Kabla ya 2020 akina mama walikuwa wanaficha simu watoto wasiguse. Shule zikafungwa, simu ikatolewa ili nyumba itulie, na haikurudi tena. Siku hizi kioo kikivunjika anakuja mama na mtoto, na anayelia ni mtoto. Ukiwasha unakutana na katuni ya Kihindi. Huyo wa miaka mitatu bila maneno ana saa ngapi za simu kwa siku?

#30 Mama wa Julai
Kaka yangu simu yangu ilikuwa ya kitochi.

#31 Siti ya Mbele
Fundi kapigwa na kitu kizito.

#32 Mshauri Makole
Mama wa Julai, kabla ya barakoa na simu, masikio yake yamewahi kupimwa? Mtoto anayechelewa kuongea anaanzia hapo. Mara nyingine ni usikivu, mara nyingine ni usonji, mara nyingine ni taratibu yake tu. Sasa hivi anaongeaje?

#33 Mama wa Julai
Anaongea sentensi fupi. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Masikio hayajapimwa, tulipokwenda kituo fulani tuliambiwa "mtoto wa kiume huchelewa, rudini nyumbani".

#34 Mshauri Makole
Nakuandikia kwenye ujumbe binafsi sasa hivi. Usisubiri.

#35 Kikuyu Kusini
Mimi nina la kwangu mtalicheka. Mwanangu wa darasa la tatu wakati huo alianza kuogopa tarehe 17. Shule zilifungwa Machi 17, 2020. Februari 17, 2021 wakafa wakubwa wawili siku moja, Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Machi 17, 2021 usiku Mama Samia, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kifo cha Rais Magufuli. Tarehe 22 mtoto alikuwa mabegani kwangu nje ya Uwanja wa Jamhuri, watu wanazimia kwa kulia. Baada ya hapo kila tarehe 17 alikuwa anaumwa tumbo.

#36 Kisasa Relini
Chai hii. Mtoto wa darasa la tatu anafuatilia tarehe kiasi hicho?

#37 Kikuyu Kusini
Anafuatilia ligi yote ya Simba na Yanga kwa tarehe na wafungaji, hiyo itamshinda?

#38 Kisasa Relini
Halafu mkitaja Machi 2021 mseme na ukweli wake, kwamba yule mzee...

#39 Msimamizi wa Jukwaa
Uzi ni wa watoto. Siasa za 2021 zina jukwaa lake. Bandiko la #38 nimelikata nusu, likirudi nalifuta lote.

#40 Mwalimu Kibaigwa
Nirudi kwa #12. Ukimya nakubali ulikuwepo, lakini siupi uzito wote. Elimu bila ada ilianza 2016, madarasa yakafurika miaka minne kabla ya korona. Mtoto wa darasa la kwanza kwenye chumba cha watoto zaidi ya mia anaogopa tayari, na mwalimu hana muda wa kujua nani kanyamaza. Korona ikatuletea na baraka zake za ajabu: ule mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, ukajenga madarasa 15,000, mengi ya sekondari. Tunayaita madarasa ya UVIKO mpaka leo. Mazuri, yana madirisha ya vioo. Walimu wa kuyajaza ndiyo bado tunawasubiri. Mshauri wa watoto kama huyu wa Makole, katika shule za tarafa yangu sijamwona hata mmoja. Anayefanya kazi hiyo ni mwalimu wa zamu, na kifaa chake ni fimbo.

#41 Mjukuu wa Mvumi
Shikamooni wakubwa. Mama mkubwa aliyemlea mama yangu alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya vita ya kwanza yalipita, ng'ombe wakachukuliwa, nafaka ikachukuliwa, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, mvua ikagoma, na kabla haijaisha yakaja mafua makubwa ya 1918. Watu waliweka rehani watoto ili wale. Yeye alinusurika, akaolewa, akazaa, akawa na maghala. Mama anasimulia kwamba hadi uzeeni alikuwa analala na kibuyu cha unga uvunguni, na usiku unasikia mkono wake unakitafuta. Hakuwahi kueleza. Wajukuu walidhani ni uchawi.

Kwa hiyo anayesema watoto wa zamani hawakuathirika, naona hatukuwa tunawaangalia usiku.

#42 Mama Pacha Nzuguni
@Foleni ya Sukari uko wapi mzee wangu?

#43 Foleni ya Sukari
Nipo. Naona mnaziangalia kilo zangu tano. Bado nasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Ila kibuyu cha huyo bibi nimekielewa.

#44 Ipagala Juu
Wakuu mrejesho. Jumapili nilikaa na binti, nikamweleza habari ya babu wa Chang'ombe, kwamba alifariki, aliumwa nini, alizikwa wapi. Akaniambia anajua, alijua siku ile ile. Kilichokuwa kinamuuma ni kwamba tulikula wali wa msiba tukarudi na kifurushi, tukampa nyama tukamwambia imetoka harusini. Akauliza mwenyewe kama siku nikifa mimi atapewa pia nyama ya harusi. Sikuwa na jibu la maana. Nikamwambia atakuwepo pale mbele kabisa.

Usiku wa jana mama yake alikohoa, akaja mlangoni kama kawaida. Kwa hiyo sijui nani kati yenu yuko sahihi.

#45 Takwimu Tupu
Siku moja haitoshi kusema lolote, mkuu. Mpe muda.

#46 Mtumba Basi la Saa Kumi na Mbili
Mrudishe Chang'ombe mwezi mmoja uone. Mimi nabaki palepale.

#47 Kisasa Relini
Hivi ile namba ya simu ya kusaidia watoto, 116, ukiwa huna salio inapatikana? Nauliza tu, kwa ajili ya mtoto wa jirani.

#48 Mshauri Makole
Ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga au mtu mzima kwa niaba yake. Msalimie mtoto wa jirani.

#49 Ipagala Juu
@Dungu la Bahi nimeongea na mama yake, Juni shule zikifunga tunamleta kwenu juma moja. Ndege wanaamiwa bado?

#50 Dungu la Bahi
Juni tumeshavuna mkuu, mtaikuta kazi ya kupura. Babu yupo na hadithi zake ziko palepale. Aje na sweta, la vifungo au la kichwa, lolote.

#51 Siti ya Mbele
Nilijua tu. Kupura ni ada nyingine, hiyo ni kozi ya mwaka wa pili.